Mbaruk bin Rashid na Somo Yake: Tatizo la Majina katika Historia ya Pwani

Mtafiti wa historia ya pwani ya Kenya hukutana mara kwa mara na jina la Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui katika habari za vita vya 1895 na 1896. Asipotanabahi, atadhani kuwa atajwaye ni mtu mmoja. Hakika ni kwamba walikuwa wawili, wa ukoo mmoja na zama moja, kila mmoja somo ya mwenziwe.

Wamazrui waliitawala Mombasa hadi 1837, Sayyid Said bin Sultan alipoutwaa mji na kumkamata mtawala wao wa mwisho, Rashid bin Salim bin Ahmad. Waliosalimika waligawanyika: wengine walikwenda Gazi, kusini, na wengine Takaungu, kaskazini. Mbaruk wa kwanza alikuwa mwana wa Rashid huyo. Makao yake yalikuwa Gazi na ngome yake Mwele, naye aliwaasi masultani wa Unguja mara kadhaa. Mbaruk wa pili alikuwa wa Takaungu, mwana wa Rashid bin Khamis.

Mnamo Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu. Mbaruk wa Takaungu, mtoto wa nduguye marehemu, alidai urithi kwa haki ya umri. Kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, ilimpendelea mwana wa marehemu, Rashid bin Salim. Hapa tatizo lazidi, kwani jina hilo ndilo la babake Mbaruk wa Gazi. Msomaji asiye makini aweza kumfanya mzee wa Gazi kuwa mwana wa yule aliyetawazwa Takaungu!

Mbaruk wa Takaungu alikataa uamuzi huo, akapigana, kisha akakimbilia kwa somo yake. Mzee wa Gazi alikuwa na mapatano na Kampuni, na matawi hayo mawili yalikuwa na uhasama wa zamani. Hata hivyo alimpokea. Kwa kumpokea alijitia vitani. Mwele ilitekwa Agosti 1895, majuma machache baada ya Uingereza kutangaza himaya yake tarehe 1 Julai. Aprili 1896 mzee alivuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam hadi kufa kwake mwaka 1910.

Kuwachanganya wawili hawa si kosa dogo. Wakifanywa mmoja, vita vyaonekana kuwa uasi mwingine wa mzee aliyezoea kuasi. Wakitenganishwa, chanzo chadhihirika: haki ya urithi iliyoamuliwa na wageni, na mgeni aliyeomba hifadhi asikataliwe.

Baadhi ya waandishi huandika Mubarak kwa yule wa Takaungu na Mbaruk kwa yule wa Gazi. Tofauti hiyo ni ya tahajia tu. Jina ni lile lile la Kiarabu, lenye shina moja na baraka. Njia iliyo salama ni ya wenyeji wenyewe, yaani kuongeza jina la babu: Mbaruk bin Rashid bin Salim, na Mbaruk bin Rashid bin Khamis. Mhariri wa hati za kale alifupishapo jina, huenda akafuta mtu mzima.