Trela la Farasi la Walt Garrison
Nimekulia zizini, kwa hiyo Walt Garrison namwelewa. Mwaka 1966 Dallas Cowboys walipomsajili kucheza futiboli ya Kimarekani, sehemu ya malipo yake ilikuwa trela la kubebea farasi. Msimu ukiisha, alikuwa akienda kwenye rodeo, mashindano ya wachunga ng'ombe, kuangusha maksai: unaruka kutoka juu ya farasi anayetimua mbio, unamshika maksai pembe, unamsokota shingo mpaka alale. Mchezo huo wa kuangusha maksai uliasisiwa na Bill Pickett, mchunga ng'ombe Mweusi wa Texas aliyezaliwa 1870. Yeye alimng'ata ng'ombe mdomo, kama alivyoona mbwa wakifanya. Kumsahau ni dhuluma. Mwaka 1975 Garrison aliumia goti akiangusha maksai, futiboli ikaishia hapo. Rodeo hakuiacha.