Meza ya Andalusia

Neno hufika mahali ambapo msemaji wake hakupata kufika. Chukua, msomaji, neno sukari. Wewe hulitamka kila asubuhi unapoketi kunywa chai, wala huulizi limetoka wapi. Mhispania naye, akiketi kwa chakula chake, hutamka azúcar. Wewe husema zafarani, naye husema azafrán. Wewe husema zeituni, naye husema aceituna. Hata bunduki yetu ina ndugu yake huko. Mwarabu aliita bunduq kokwa fulani ya mviringo iliwayo kama njugu, na kwa ajili ya mviringo ule jina likahamia kwenye risasi na silaha yake. Mhispania naye akalitwaa kuitia tonge la nyama lililofinyangwa, albóndiga. Neno ni moja, kwetu linaua, kwao linaliwa.

Hamkukaa darasa moja, wewe na Mhispania huyo. Lakini nchi zenu mbili zilipata mwalimu wa namna moja, naye ni msemaji wa Kiarabu: mkulima, mpishi, baharia na mchuuzi. Katika pwani yetu wageni wale walioa, wakazaa, wakawa wenyeji, na lugha unayoisoma sasa imebeba maneno yao bila ya kuacha kuwa lugha ya Kiafrika. Katika kusini ya Hispania, nchi iitwayo Andalusia, mambo yalikwenda vingine. Huko mwalimu alifukuzwa, na somo lake likabaki mezani.

Siku hizi wasafiri wengi huenda Andalusia kwa ajili ya meza hiyo. Hutoka mji wa Sevilla asubuhi, wakaenda Jerez de la Frontera kuonja mvinyo, wakala samaki pwani adhuhuri, na jioni wakarudi. Ni safari ya siku moja tu. Napenda tufuatane nao. Usihofu juu ya mvinyo: wewe ungali kijana, na tena wengi wenu dini yenu inaukataza. Sisi tutatumia macho, pua na daftari, na kwa mwanafunzi wa historia hivyo vitatu vyatosha.

Kutoka Sevilla hadi Jerez ni mwendo wa kilomita 90 hivi. Ukikaribia mji utaona vilima vyeupe kana kwamba vimemwagiwa chokaa. Udongo huo wenyeji huuita albariza. Hunywa mvua ya majira ya baridi kama sifongo, kisha wakati wa kiangazi hufanya gamba juu na kuyahifadhi maji chini, ili mzabibu uendelee kunywa hali nchi imekauka. Watu walitambua fadhila ya udongo huu zamani sana. Wafoinike, mabaharia kutoka pwani ya Lebanoni, walijenga bandari ya Gadir, ambayo leo ni Cádiz, karne nyingi kabla ya Kristo. Wakati wa Warumi alizaliwa mjini humo Columella, aliyeandika kitabu kikubwa cha kilimo chenye mengi juu ya mizabibu. Na kama wataka kujua ni kiasi gani cha mafuta ya zeituni Warumi walichota kutoka nchi hii, nenda Roma ukatazame kilima cha Monte Testaccio. Kina urefu wa meta 35 hivi, nacho si cha mawe wala udongo. Ni vigae vya mitungi iliyovunjwa, na mingi ya mitungi hiyo ilitoka Andalusia imejaa mafuta.

Mwaka 711 Tariq ibn Ziyad alivuka mlango wa bahari kutoka Afrika, mahali ambapo upana wake haufiki kilomita 15, akatua chini ya mwamba ambao hadi leo una jina lake: Jabal Tariq, yaani Gibraltar. Katika miaka michache karibu Hispania yote ilikuwa chini ya Waislamu. Mto mkubwa wa kusini ukaitwa al-Wadi al-Kabir, na Wahispania wangali wakiuita Guadalquivir. Mji wetu wa mizabibu ukaitwa Sherish. Kutoka jina hilo Wahispania walipata Jerez, na Waingereza, ambao waliupenda sana mvinyo wake, wakapata neno lao sheri. Ni ajabu kidogo kwamba kinywaji hiki kimechukua jina lake kutoka kwa watu ambao sheria yao ilikikataza.

Je, mizabibu ilisalimikaje chini ya sheria hiyo? Watu wa Jerez husimulia kwamba mwaka 966 Khalifa al-Hakam wa Pili aliamuru ing'olewe, nao wakamjibu kwa busara kwamba zabibu zikikaushwa huwa chakula cha askari vitani. Basi ikang'olewa sehemu tu. Iwe ilikuwa hivyo au sivyo, jibu lenyewe lina mantiki. Katika Kiarabu zabib ni tunda lililokaushwa, si lile bichi. Nasi Waswahili tumelipa tunda bichi jina la tunda kavu. Tena tusidhani kwamba kila mtu aliitii sheria. Wakristo na Wayahudi waliishi katika miji ileile na kunywa mvinyo wao, na washairi wa Kiarabu wa Andalusia waliusifu mvinyo kwa beti nyingi mno hata haiwezekani kuamini kwamba waliusikia kwa masimulizi tu. Mwaka 1264 mfalme Mkristo Alfonso wa Kumi aliuteka mji, na tangu hapo mzabibu haukuhitaji tena kutafutiwa hoja.

Haya, tuingie ghalani. Nyumba ni ndefu na ya juu kama kanisa, kuta zake nene, madirisha yake yamefunikwa mikeka, na sakafu yake ya mchanga hunyunyiziwa maji ili hewa iwe baridi. Mapipa ya mwaloni yamepangwa safu juu ya safu. Pipa la kawaida lapokea lita 600 hivi, lakini halijazwi mpaka juu. Huachwa nafasi ya hewa, na katika nafasi hiyo, juu ya mvinyo, huota utando mweupe wa chachu ambao wenyeji huuita flor, yaani ua. Utando huo huukinga mvinyo na hewa na kuupa harufu kama ya mkate na lozi. Safu ya chini kabisa huitwa solera, nayo ina mvinyo mkongwe kuliko wote. Unapofika wakati wa kuuza, huchotwa sehemu tu katika safu ya chini. Pengo lake hujazwa kutoka safu ya pili, na la pili kutoka ya tatu, na mvinyo mchanga wa mwaka huu huingia juu. Pipa la chini halimalizwi kamwe. Kwa hiyo ukimwuliza mwenye ghala mvinyo huu ni wa mwaka gani, hana jibu la neno moja, kwa maana katika kila bilauri mna kidogo cha mwaka jana na tone la wakati wa babu yake.

Mtumishi wa ghala hutumbukiza kikombe chembamba chenye mpini mrefu katika tundu la pipa, akakiinua juu ya kichwa chake, na kumimina ndani ya bilauri iliyo chini kiunoni bila ya kumwaga. Wageni hupiga makofi. Huambiwa pia habari za Francis Drake, Mwingereza aliyeivamia Cádiz mwaka 1587 na kuondoka na mapipa yapatayo 2,900. Na habari za Shakespeare, ambaye mlevi wake Falstaff anausifu mvinyo huu mbele ya watazamaji. Lisilotajwa sana ni kwamba nasi tuna chembe yetu katika habari hii. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, majirani wa Mhispania huyu walianza kukaa katika pwani yetu. Waliondoka baada ya miaka 200 hivi, tena kwa nguvu, lakini mvinyo, pipa, na hata hiyo meza tunayoizungumzia, ni maneno yao.

Adhuhuri wasafiri hushuka Sanlúcar de Barrameda, mahali ambapo Guadalquivir humwaga maji yake baharini. Kutoka hapa merikebu 5 za Magellan zilitweka mwaka 1519, na hapa ndipo merikebu moja tu ilirudi mwaka 1522, na watu 18, baada ya kuizunguka dunia. Wageni huletewa kamba wa baharini na samaki waliokaangwa. Hapo ndipo nataka uweke chini kalamu na kunusa. Samaki hao wamekaangwa kwa mafuta ya zeituni. Kulikuwa na wakati katika nchi hii ambapo harufu hiyo, ikitoka katika jiko lako, iliweza kukupeleka gerezani.

Mwaka 1492, tarehe 2 Januari, Granada, dola ya mwisho ya Waislamu katika Hispania, iliwafungulia milango mfalme Ferdinand na malkia Isabella. Katika mkataba wa kusalimu amri Waislamu waliahidiwa dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Mwaka ule ule Wayahudi waliamriwa wabatizwe au waihame nchi. Ahadi ya Waislamu haikutimiza miaka 10. Mwaka 1502 nao waliwekewa hiari kama ile, ambayo haikuwa hiari. Waliobatizwa wakaitwa Wamorisko. Na kwa kuwa wamekwisha kubatizwa, sasa walikuwa chini ya Mahakama ya Kuchunguza Imani, ambayo ilikuwa imeanza kazi Sevilla tangu mwaka 1481.

Fikiri, msomaji, kazi ya mahakama hiyo ilivyokuwa ngumu. Imani imo moyoni, na moyo haufunguki kama sanduku. Basi wachunguzi walitazama sufuria. Nani hupika kwa mafuta ya zeituni badala ya mafuta ya nguruwe? Nani hukataa nyama ya nguruwe akisema tumbo lake halipatani nayo? Nani hula ameketi chini? Wayahudi walikuwa na chakula cha Sabato kilichotiwa motoni Ijumaa jioni na kuachwa juu ya makaa usiku kucha, kwa kuwa Jumamosi hawawashi moto. Kiliitwa adafina, kwa neno la Kiarabu lenye maana ya kilichozikwa au kufichwa. Mtumishi wa jikoni aliyekiona, au jirani aliyeazima chumvi, alikuwa shahidi tosha. Wako watu walioshtakiwa kwa ajili ya dengu na mabilingani, na wako waliokula nguruwe hadharani kusudi waonekane wakila. Mimi naona kwamba katika historia ndefu ya mateso ya dini hapana ushahidi mnyonge kuliko huo, wala uliokuwa mwepesi zaidi kupatikana, maana kila mtu lazima ale kila siku.

Mwaka 1567 mfalme Filipo wa Pili alipiga marufuku lugha ya Kiarabu, mavazi na mabafu ya Wamorisko. Mwaka uliofuata waliasi katika milima ya Alpujarras, wakapigana hadi 1571, wakashindwa na kutawanywa. Mwishowe, kati ya mwaka 1609 na 1614, watu wapatao 300,000 walitolewa Hispania yote na kupakiwa merikebuni. Wengi walishuka Moroko, Aljeria na Tunisia. Walikuwa wamebatizwa, na wengi wao hawakujua nchi nyingine wala kwao kwingine.

Wenyewe wakaenda, upishi ukakaa. Ukirudi Sevilla jioni, mwenye mkahawa atakuletea kibakuli cha mboga ya spinachi na dengu, imetiwa kitunguu saumu na bizari nyembamba. Ungefumba macho ungedhani umo katika jiko la Mombasa. Mji wa Medina Sidonia hujivunia andazi la asali, lozi na viungo liitwalo alfajor, jina ambalo mzizi wake ni wa Kiarabu. Nao watawa wa kike, katika nyumba zao zilizofungwa, ndio waliozitunza halua hizi kwa uaminifu kuliko wote. Jerez wana moja ipikwayo kwa viini vya mayai na sukari. Husimuliwa kwamba wenye maghala walitumia ute mweupe wa mayai kuusafisha mvinyo, wakawapa watawa viini visiharibike. Halua hiyo huitwa mafuta ya nguruwe ya mbinguni, na haina nguruwe ndani yake hata kidogo.

Ukiwa na siku nyingine, acha Jerez uelekee mashariki, katika mkoa wa Málaga. Huko alipita msafiri unayemjua. Ibn Battuta alitembelea Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na katika Mombasa aliona tunda linalofanana na zeituni, lenye kokwa kama yake, ila ni tamu mno. Hapana shaka ni zambarau. Miaka 20 hivi baadaye alikuwa Málaga, wakati ambapo Granada ingali ya Waislamu, akasifu zabibu zake, tini na lozi zake. Alikula katika meza zote mbili, naye hakuona ajabu yoyote kwamba lugha moja ilimfaa katika zote.

Nyuma ya pwani hiyo, kilimani, upo mji mdogo mweupe uitwao Frigiliana. Juu yake mwaka 1569 Wamorisko walisimama kwa mara ya mwisho katika sehemu zile na kuvunjwa. Vigae vilivyopachikwa katika kuta za vichochoro husimulia vita hivyo kwa wapitao. Chini kidogo kuna kiwanda katika jumba la kale, nacho hutengeneza asali ya miwa, mmea ambao Waarabu ndio walioufundisha mkoa huu. Mashamba ya miwa yamekwisha. Kiwanda cha mwisho cha sukari ya miwa katika pwani ya Granada kilifungwa mwaka 2006. Lakini keti mkahawani, agiza chakula cha mahali pale, nao watakuletea bilingani lililokatwa vipande vyembamba, likakaangwa kwa mafuta ya zeituni, na kumiminiwa juu yake asali hiyo nyeusi.