Nani Asome Mstari wa Moyo?

Ukisimama sokoni Kebirigo asubuhi, utawaona wachuma chai wakipanda na kushuka vilima vya Nyamira na mizigo mgongoni, na pengine hutadhani kwamba ugonjwa wa moyo una nafasi katika nchi kama hii. Waganga wa zamani nao hawakudhani. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet habari za kazi yake upande wa Kavirondo, yaani nchi hizi hizi zilizo mashariki ya Ziwa Viktoria. Kwa muda wa miaka miwili walilazwa hospitalini mwake wagonjwa wapatao 1,800, naye hakukuta hata mmoja mwenye presha ya damu iliyopanda. Leo mambo yamegeuka. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na presha ni mojawapo ya njia zimfikishazo mtu kwenye mshtuko wa moyo. Basi habari hii, ijapokuwa yaanzia Ulaya, yakuhusu wewe na jamaa zako.

Yakupasa kujua kwanza kwamba kila pigo la moyo huanzishwa na nguvu ndogo sana ya umeme, nayo hufika hata kwenye ngozi. Mwaka 1887 Augustus Waller, huko London, aliichora nguvu hiyo kwa mwanadamu pasipo kumpasua, lakini mchoro wake ulikuwa hafifu. Aliyeifanya kazi hiyo vyema ni Willem Einthoven, profesa wa Leiden katika Uholanzi. Alitandika uzi mwembamba mno uliopakwa fedha katikati ya sumaku yenye nguvu. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulicheza, na kivuli chake kikapigwa picha. Usidhani kwamba ilikuwa mashine ya kubebwa kwapani! Uzito wake ulikuwa kilo 270 hivi, na watu watano walihitajika kuiendesha. Mgonjwa naye aliketi kitini, mikono yake miwili na mguu mmoja vimetumbukizwa katika vyombo vya maji ya chumvi.

Mashine hiyo haikuweza kupelekwa hospitalini, wala wagonjwa mahututi hawakuweza kuletwa kwake. Kwa hiyo mwaka 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kuunganisha hospitali na maabara yake, mwendo wa kilometa moja na nusu, na mapigo ya moyo yakasafiri wayani hali mgonjwa yupo kitandani. Mimi naona siku ile ilikuwa kubwa kuliko ile aliyopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, maana tangu hapo mgonjwa aweza kuwa mahali pamoja na msomaji wa mstari wake mahali pengine. Lakini msomaji huyo hana budi kuwapo.

Tena kusoma si kazi nyepesi. Mshtuko wa moyo hutokea damu igandapo ikaziba mshipa ulishao nyama ya moyo. Mwaka 1920 Harold Pardee, daktari wa New York, alionyesha kwamba kwa mgonjwa wa namna hiyo sehemu moja ya mstari, ambayo ingepaswa kurudi chini baada ya pigo, hubaki imeinuka. Hata hivyo si kila mara. Pengine mshipa umeziba na badiliko ni dogo, jicho lisilozoea likalipita. Na kwa Waafrika wengi wazima, hasa vijana wanaume, mstari huinuka kidogo mahali hapo hapo, wala hawana ugonjwa wowote.

Zamani kosa la kuchelewa kusoma halikudhuru sana, kwa sababu dawa haikuwapo. Mwaka 1986 madaktari wa Italia walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa karibu 12,000, ambao nusu yao walipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Miongoni mwa waliotibiwa katika saa ya kwanza, vifo vilipungua karibu nusu, na kadiri saa zilivyopita ndivyo faida ilivyopungua. Hapo ndipo karatasi inayolala mezani ikimngoja mtaalamu ilipogeuka kuwa jambo la hatari.

Wataalamu walianza kuifundisha kompyuta kusoma mistari hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, wakiipa kanuni moja moja, kama mwalimu wa sarufi. Akili mnemba haifundishwi hivyo. Huonyeshwa mistari maelfu kwa maelfu pamoja na majibu yake, ikatafuta yenyewe dalili, hata zile ambazo jicho la daktari halizioni. Mwaka 2019 wataalamu wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza jinsi walivyoifundisha kwa mistari ya wagonjwa karibu 45,000 mpaka ikawatambua watu ambao mioyo yao inasukuma damu kwa udhaifu. Udhaifu huo si mshtuko wenyewe, bali mara nyingi ni kovu lake.

Lakini je, mashine iliyosomea mioyo ya Wamarekani itaujua wa mchuma chai wa Kebirigo? Kumbuka wale vijana wazima ambao mstari wao huinuka. Swali kama hilo halijibiwi kwa kukisia. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la programu ya namna hiyo katika Kenya yenyewe, kwa watu karibu 6,000 katika vituo vinane vya afya. Kati ya waliothibitishwa kuwa na moyo dhaifu, iliwatambua zaidi ya tisa katika kila kumi. Ikawashuku pia wengine wasiokuwa nao, nao ikabidi wapimwe tena.

Haya, tuseme mashine ndogo iko zahanati, na programu imesoma mstari kwa dakika moja: mshtuko. Yatakiwa sasa dawa kabatini, muuguzi aliyefunzwa kuitoa, na gari la kumfikisha mgonjwa hospitali kubwa hata kama mvua imeiharibu njia. Mgonjwa wa Einthoven hakuwa na haja ya gari. Yeye alikwisha kuwamo hospitalini.