Mzaha wa Mgodini, Mkono wa Bosi

Kusini kidogo ya Mayfair, jijini Johannesburg, kwenye shimo namba 14 la uliokuwa mgodi wa Crown Mines, leo pana bustani ya burudani iitwayo Gold Reef City. Watalii huenda huko kuonja historia ya dhahabu, na kabla hawajaondoka huchezewa ngoma ya mabuti ya mpira. Wachezaji hupiga mabuti kwa viganja na kugeuka wote kwa pamoja kiongozi anapoamuru. Kisha mmoja wao huanza kuharibu makusudi: anakosea hatua, anapiga saluti ya ovyo, anatembea kifua mbele kama jogoo. Watu huangua kicheko. Anayechekwa ni msimamizi wa mgodi, ingawa wengi wa wanaopiga makofi hawamtambui.

Watafiti wanaifuatilia ngoma hiyo hadi misheni za Natal na gati za Durban, kabla haijafika kwenye migodi ya Witwatersrand. Hugh Tracey, aliyechapa kitabu cha ngoma za wachimbaji mwaka 1952, aliikuta imeshakuwa burudani ya Jumapili, Wazungu wameketi wakitazama. Walitazama wanavyosanifiwa wao wenyewe wakacheka, maana mzaha uliruhusiwa siku ile na uwanjani pale tu. Jumatatu chini ya ardhi hakuna mchimbaji Mwafrika aliyethubutu kumwigiza bosi mbele yake.

Mayfair yenyewe ilizaliwa na dhahabu hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 jina la mtaa wa matajiri wa London lilibandikwa kwenye nyumba za wachimbaji wa Kizungu na familia zao, mzaha ambao sidhani aliyeutunga aliukusudia. Asubuhi wanaume wa mtaa huo waliteremka shimoni kuwasimamia Waafrika waliolala kwenye kambi za mgodi. Sheria ya Migodi na Mitambo ya mwaka 1911 iliweka msingi wa kuwatengea Wazungu kazi za ujuzi. Amri zilitolewa kwa Kifanakalo, lugha ya mchanganyiko ya migodini, na amri isipofuatwa upesi, kofi au teke lilifuata. Hilo halikuitwa kosa. Lilihesabiwa kuwa sehemu ya usimamizi.

Anayetaka kuona mwili wa mfanyakazi ulivyohesabiwa siku zile atafute picha moja ya Ernest Cole, iliyomo katika House of Bondage, kitabu cha mwaka 1967 kilichopigwa marufuku Afrika Kusini. Wanaume walioajiriwa mgodini wamepangwa mstari, uchi wa mnyama, nyuso ukutani, mikono juu. Wanasubiri kupimwa. Hakuna aliyewauliza kama wako radhi kuguswa.

Miongoni mwa watu waliopita katika mistari ya namna hiyo walikuwamo Watanganyika. Wenela, shirika lililoandikisha vibarua kwa ajili ya migodi ya Witwatersrand, lilichukua vijana kutoka kusini mwa Tanganyika, nchi ya Wanyakyusa na Wangoni, hadi serikali ya Nyerere ilipokata mkataba huo baada ya uhuru. Vijana hao walitoka kwenye jamii zenye sheria zao za nani amtanie nani na nani amguse nani, na sheria hizo zilikuwa kali kuliko zinavyoonekana kwa mbali.

Miongoni mwa walioanza kuziandika kwa mpangilio ni mtaalamu wa ndege. R. E. Moreau alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 alichapisha makala kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Alikuta jozi tunazozijua hadi leo: Wahehe na Wangoni waliotiana adabu vitani katika karne ya 19, Wanyamwezi na Wazaramo waliokutana katika njia ya misafara. Mpagazi kutoka Unyamwezi aliyefika pwani hana ndugu alikuwa na mtani. Mtani huyo angeweza kumpokonya kofia, kumtukania ukoo, kumvuta shati mbele ya watu, na aliyetaniwa asinune. Akinuna, yeye ndiye mwenye kosa.

Upande wa pili wa jambo hili ndio tunaousahau upesi. Mtani huyo huyo ndiye aliyepaswa kumlisha akikwama na kumzika akifia ugenini. Msibani watani ndio waliochimba kaburi, wakamwigiza marehemu alivyotembea na alivyodai madeni yake, hata wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka. Haki ya kumgusa mtu ililipiwa kwa wajibu. Tena ilikwenda pande zote mbili: leo umenimwagia maji, kesho nakuvizia na ndoo.

Mambo hayo hayakuishia Tanganyika. J. Clyde Mitchell, aliyechapa utafiti wake wa ngoma ya Kalela mwaka 1956, aliwaona vijana wa Kibisa kwenye mji wa shaba wa Luanshya, Zambia ya leo, wakiwa wamevaa nadhifu, wana “mfalme” na “daktari” wao, wakiimba kejeli dhidi ya makabila mengine ya mjini. Waliokejeliwa walisimama hapo hapo wakacheka. Watu walioingiliana ghafla mgodini, hawajuani, walihitaji namna ya kuchokozana bila kutoana damu.

Lakini nisiupake utani asali. Babu humwita mjukuu wa kike “mke wangu”, shemeji humfinya shemeji, na binti aliyezaliwa ndani ya mpango huo hakuwahi kuuchagua. Na utani ulipohamia ofisini ulifika nusu. Meneja anayempiga karani wa kike kofi la makalio na kusema “natania tu” hatarajii karani naye ampige la kwake mbele ya wafanyakazi, wala haendi kuchimba kaburi kwao. Amechukua ruhusa ya mtani akaliacha deni lake. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na kwa hili waliona mbali.

Mahakama ziliingia kwa kuchelewa. Mwaka 1989, ubaguzi wa rangi ukiwa bado ni sheria ya nchi, Mahakama ya Kazi za Viwanda ya Afrika Kusini ilisikiliza shauri la ofisa mwandamizi aliyefukuzwa kazi kwa kumshikashika mfanyakazi wa kike. Kampuni ilishinda. Shauri hilo huhesabiwa kuwa la kwanza la aina yake nchini humo, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba mwili wa mfanyakazi una heshima ambayo mwajiri ana wajibu wa kuilinda. Ukiikumbuka picha ya Cole, ni safari ndefu kwa miaka 22.

Mwaka 1998 nchi hiyo ilitoa mwongozo wa kushughulikia unyanyasaji wa kijinsia kazini. Mwaka huo huo Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, wengi wanaijua kama SOSPA, iliyoufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa jinai. Kenya ikafuata kwa sheria ya makosa ya kingono ya 2006 na sheria ya ajira ya 2007. Mwongozo wa Afrika Kusini ulirekebishwa 2005, kisha Machi 2022 ukaja mpya unaogusa kila aina ya unyanyasaji kazini. Humo mzaha wa kingono umetajwa bayana kando ya kupapasa na kubusu, na haimlazimu mlalamikaji kuthibitisha kwamba mwenzake alikusudia ubaya. Kusema “Sikuwa na nia mbaya” hakufungi tena mjadala.

Maneno matupu nayo yamewafikisha watu mbali. Mei 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua shauri la mfanyakazi wa mgodi wa platinamu wa Rustenburg ambaye, katika ugomvi wa maegesho ya magari, alimwita mwenzake “mtu mweusi” kwa Kiafrikana. Majaji walisema maneno hayo hayawezi kupimwa kana kwamba historia ya nchi haikuwapo. Miaka miwili baadaye, Juni 2020, Showmax, huduma ya filamu za mtandaoni, iliziondoa kwa muda baadhi ya filamu za Leon Schuster ili zikaguliwe upya. Schuster ndiye aliyewachekesha mamilioni tangu miaka ya 1980 kwa kujipaka rangi ya mtu mweusi na kuwavizia watu kwa kamera ya siri, wengine wakiwa kazini kwao, akiwachokoza mpaka wapandwe na hasira. Wapo waliolalamika kwamba ucheshi unauawa. Mimi naona swali lilikuwa rahisi zaidi: waliochokozwa walikuwa na nafasi gani ya kumrudishia?

Mayfair wakati huo ilikuwa imebadilika sura. Wahindi waliohamishwa kwa nguvu kutoka mtaa jirani wa Pageview, wengine wakilazimishwa kuhamishia maduka yao Oriental Plaza miaka ya 1970, walianza kununua na kupanga Mayfair sheria iliyotenga maeneo ya makazi kwa rangi ikiwa bado ipo. Donda hilo ndilo limo ndani ya Material, filamu ya mwaka 2012 ya hapo jirani Fordsburg, ambamo mchekeshaji Riaad Moosa anamwigiza kijana wa Kiislamu anayeuza vitambaa dukani kwa baba yake mchana na kupanda jukwaani kuchekesha usiku kwa siri.

Baada ya 1991 wakaanza kuja Wasomali. Wengi wamepitia Nairobi au kambi za Dadaab, na Kiswahili utakachokisikia nje ya maduka ya 8th Avenue ni cha Eastleigh, mtaa wa Nairobi, kikichanganyika na cha Mkongo wa Bukavu na cha Mtanzania aliyefuata biashara. Hapa mipaka ya mikono ina sheria nyingine kabisa. Mwanamke wa Kisomali akiwa na duka lake, mwanaume asiye ndugu hanyooshi mkono. Huweka kiganja kifuani, na chenji hupitia juu ya kaunta. Mkenya aliyezoea kugonga tano na kila mtu hujifunza ndani ya wiki moja. Maneno ndiyo yasiyo na breki: kabila, lafudhi, deni la mtu, wembamba wake, vyote hutaniwa, na Mtanzania akikawia kujibu atachekwa mpaka jioni.

Kwenye maduka hayo, ambako wafanyakazi ni wawili watatu na mwajiri mara nyingi ni ndugu wa mtu, hutakuta mwongozo wa 2022 umebandikwa ukutani. Mfanyakazi wa kike anayeguswa asipotaka hunyamaza, hasa kama karatasi zake za uhamiaji zina walakini. Bado sheria inamjua. Mwaka 2008 Mahakama ya Kazi, katika shauri la kampuni ya Discovery Health, iliamua kwamba mgeni aliyefanya kazi bila kibali naye ni mfanyakazi, na anaweza kupeleka shauri lake CCMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Kufungua shauri huko hakulipiwi, na kwa unyanyasaji muda ni miezi 6 tangu tukio.