Motoka ya Waya na Roketi ya Menkao

Kwenye mteremko wa kushuka kutoka soko la Kadutu, hapa Bukavu, nilimkuta mvulana wa miaka kumi hivi akisukuma lori la Fuso lenye urefu wa mkono wangu. Bodi ilikuwa kopo la mafuta lililokunjuliwa na kunyooshwa kwa jiwe, chasisi ya waya, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili iliyokwisha. Ufito mrefu ulitoka kwenye ekseli ya mbele ukapanda hadi kifuani pake, na huko juu palikuwa na duara la waya, ndio usukani. Lori halikuwa na milango, taa wala rangi. Nilimuuliza kwa nini waya mwingi hivyo umekwenda kwenye usukani na milango hakuna hata mmoja. Hakusimama hata kunijibu. "Papa, kama haikate kona, haiko motoka."

Jibu hilo limekaa nami, kwa sababu limenipa kipimo cha jambo ambalo nimelipenda tangu utotoni: ufundi wa kutengeneza roketi ndogo kwa mfano wa zile kubwa zilizokwenda angani, kisha kuzirusha. Anayepunguza chombo lazima aache kitu, maana Fuso zima halienei katika kopo la mafuta. Ukitaka kujua jamii fulani inathamini nini katika chombo, tazama kile ambacho mafundi wake hawakubali kukiacha hata kikiwa kidogo namna gani.

Wamarekani walianzia dukani kwa muuza viatu. Mwaka 1954, katika mji mdogo wa Norfolk, jimbo la Nebraska, Orville Carlisle, mwenye duka la viatu na mpenzi wa fataki, alishirikiana na nduguye Robert kutengeneza roketi ya karatasi na mbao nyepesi. Iliruka kwa mota ndogo ya baruti inayoweza kubadilishwa, kisha ikarudi chini kwa mwavuli. Mwaka 1957 G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi katika uwanja wa majaribio wa White Sands, aliandika gazetini juu ya vijana waliokuwa wakijaza mabomba ya chuma kwa baruti za kujichanganyia na kuumia vibaya. Carlisle alisoma, akamtumia Stine roketi zake. Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa, na baadaye kidogo Vern Estes akaunda mashine ya kushindilia mota hizo kwa wingi.

Mota yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni bomba la karatasi ngumu, urefu wa sentimita 7 na upana usiofika 2. Chini kabisa kuna udongo wa mfinyanzi wenye tundu dogo katikati, na moshi na moto hutokea hapo. Juu ya udongo kuna baruti iliyoshindiliwa hadi ikawa kama jiwe. Juu yake kuna tabaka linaloungua polepole likitoa moshi tu, ili roketi iendelee kupanda kwa kasi iliyokwisha kuipata. Mwisho kuna baruti kidogo inayolipuka kuelekea juu, ikaisukuma pua itoke na mwavuli ufunguke. Kuwasha si kwa kiberiti. Waya mwembamba hupashwa moto kwa betri, na mrushaji husimama mita 5 au zaidi kutoka hapo.

Wapo waliotosheka na bomba lolote lenye pua. Wengine walitaka roketi zenyewe za historia, na kwao mchezo ukawa karibu na ibada. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, lina daraja maalumu la mashindano liitwalo S7, na ubingwa wa kwanza wa dunia wa roketi ndogo ulifanyika mwaka 1972 huko Vršac, Yugoslavia. Mshindani wa daraja hilo haleti roketi peke yake. Analeta na jalada la michoro, vipimo na picha za roketi halisi, na waamuzi hulinganisha: kipenyo, urefu wa kila hatua, rangi, herufi zilizoandikwa ubavuni. Peter Alway alikusanya kitabu kizima cha michoro ya roketi za dunia kwa ajili ya mafundi hao. Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini, ilikuwa na urefu wa karibu mita 111. Kwa uwiano wa moja kwa mia inakuwa mita 1 na sentimita 11, kimo cha mtoto wa miaka mitano, na mistari yake myeusi na myeupe lazima ikae mahali pake.

Sasa mlete yule mvulana wa Kadutu aikague. Ataona mara moja kwamba haikati kona. Saturn V yenyewe ilikata. Injini zake tano za chini zilikuwa nne za pembeni na moja ya katikati, na zile za pembeni ziliweza kugeuzwa zikielekeza msukumo huku au kule, kama nahodha anavyogeuza usukani wa mashua. Kwa hiyo mapezi yake yalikuwa madogo tu. Roketi ya karatasi haina injini ya kugeuka. Itanyooka endapo kitovu cha uzito kitakuwa mbele ya kile kitovu ambacho upepo unasukumia, angalau kwa umbali wa kipenyo kimoja cha bomba. Ukiipunguza Saturn V kwa uaminifu wa vipimo, hewa haitapata mapezi ya kutosha ya kushika, na roketi itapinduka ikirukaruka kama samaki aliyetolewa majini. Ndiyo maana mafundi huzamisha risasi au udongo katika pua, au hubandika mapezi ya plastiki angavu ambayo jicho haliyaoni kwa mbali. Jaribio ni rahisi: funga uzi pale roketi inapokaa sawasawa kwenye kidole, kisha izungushe juu ya kichwa. Pua ikitangulia, iko tayari kuruka.

Basi mila hii imeshika sura ya chombo kwa bidii, na imeuacha usukani. Lakini kuna jambo moja imelishika kwa nguvu kuliko mila zote nitakazozitaja, nami naliheshimu: roketi lazima irudi. Bila mwavuli au namna nyingine ya kushuka taratibu hairuhusiwi kuondoka chini. Roketi halisi nyingi za zama zile ziliachwa zianguke baharini, lakini za karatasi hurudi nyumbani na mwenyewe.

Pwani ya Waswahili imeiga vyombo kwa namna nyingine. Mtepe, jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ulitoweka katika karne ya 20. Mafundi waliouunda wamekufa, na bahari haihifadhi mbao. Kilichobaki ni picha, maelezo ya wasafiri, na mitepe midogo iliyochongwa na watu walioijua ile mikubwa, kama ile inayotazamwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Lamu. Wachongaji hao hawakuacha mshono. Wataalamu wa karne yetu walipotaka kujua kamba ilipita vipi kwenye ubao, waliitazama mitepe hiyo, na Zanzibar ikaweza kuunda mtepe mkubwa uliowekwa ndani ya jumba la Beit el-Ajaib, miaka kadhaa kabla sehemu ya jengo hilo kuporomoka Desemba 2020. Mdogo ulimzaa mkubwa. Sijui ushahidi mzuri zaidi kwamba kazi ya vidole si upuuzi wa watoto.

Na sisi Wakongo? Watu wengi wa Bukavu hushangaa wakiambiwa kwamba roketi ziliwahi kurushwa nchini mwao kabla hawajazaliwa. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG, chini ya Lutz Kayser, ilikodishiwa na Rais Mobutu eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa jimbo la Shaba, eneo kubwa kuliko Kivu Kusini nzima. Kutoka kwenye uwanda ulio juu ya mto Luvua, katika nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, roketi ya kwanza iliruka Mei 1977, ya pili Mei 1978, na ya tatu Juni 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe. Hiyo ya tatu ilipoteza mwelekeo ikaanguka. Mwaka 1979 kampuni iliondolewa, kwa sababu mataifa makubwa hayakupenda kuona Wajerumani na roketi katikati ya Afrika. Wazo la Kayser lilikuwa la kifundi kabisa: badala ya roketi moja kubwa, funga pamoja mabomba mengi membamba yanayofanana, kama mtu afungavyo mzigo wa kuni. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza mabomba. Mtoto angeielewa. Lakini roketi hizo zilikuwa za Wajerumani, si zetu.

Jean-Patrice Keka alilibadilisha hilo. Huko Menkao, nje ya Kinshasa, yeye na wenzake wa kampuni ya DTA walijenga roketi zilizoitwa Troposphere. Mwaka 2007 Troposphere II iliruka, na mwaka 2008 Troposphere IV, kwa hesabu za watengenezaji wenyewe, ilifika kilomita 15 juu. Tarehe 28 Machi 2009 ilikuja zamu ya Troposphere V, yenye hatua mbili, iliyokusudiwa kufika kilomita 36. Ndani ya pua alikuwamo panya aliyepewa jina Kavira, jina ambalo ndugu zetu Wanande wa Kivu Kaskazini huwaita binti zao. Roketi iliinama muda mfupi baada ya kuondoka, ikapotea njia, na panya hakurudi.

Nimesikia watu wakiicheka siku ile. Mimi siicheki. Keka hakuiga sura ya roketi ya mtu yeyote. Alichokataa kukiacha ni kazi yenyewe: moto wa kweli, hatua mbili za kweli, abiria mwenye pumzi. Zambia ilikuwa imekwenda mbali zaidi upande huo. Mwaka 1964 Edward Makuka Nkoloso aliwafundisha vijana wake usafiri wa angani kwa kuwabiringisha mteremkoni ndani ya pipa la mafuta. Yeye alimwiga msafiri, chombo akakiacha kando. Ukiwaweka hao wawili karibu na mshindani wa S7 mwenye jalada lake, utaona pengo la kila upande. Mshindani ana vipimo vyote na hana abiria, Keka alikuwa na abiria na hakumrudisha. Natamani mtoto wa Bukavu arithi kwa pande zote mbili.

Lakini Bukavu ina shida yake, na ingekuwa uongo kuipita. Hapa neno "roketi" haliwakumbushi watu mwezi. Oktoba 1996, Juni 2004, Februari 2025, vita iliingia mjini: kila nyumba ina tarehe yake. Kitu kikipaa na kuacha moshi juu ya mtaa wa Panzi, akina mama watawavuta watoto ndani kabla ya kuuliza. Ng'ambo ya Ruzizi ni nchi nyingine, na mto huo si mpana. Kwa hiyo namwambia kila kijana anayesoma hapa, bila kuzungukazunguka: usiguse baruti, usichanganye chumvi wala sukari na dawa yoyote, usijaze bomba la chuma. Vijana wale ambao Stine aliandika juu yao hawakuota tena vidole.

Kuna njia isiyo na moto wala baruti. Chukua chupa ya plastiki ya soda ya lita moja na nusu. Iwe ya soda, kwa sababu imeundwa kustahimili gesi, na ile ya maji ya kunywa huwa nyembamba. Tia maji theluthi moja. Ziba mdomo kwa kizibo kilichopitishwa vali ya mpira wa baiskeli, igeuze chini juu kwenye kitegemeo, sogea mbali kwa urefu wa mpira wa pampu, kisha piga pampu. Hewa iliyobanwa itasukuma maji yatoke kwa nguvu, na chupa itapaa. Sauti yake ni ya mtu anayefungua soda, na hakuna jirani atakayekimbia. Mapezi hukatwa kwenye katoni. Mwavuli ni mfuko mwepesi na nyuzi sita. Kipimo cha uzi kinachozungushwa juu ya kichwa kinafanya kazi Kadutu kama kinavyofanya kazi Nebraska.

Chupa hiyo ina kipenyo cha karibu sentimita 9, na hapo ndipo somo linapoanza. Mwalimu akiwa na kipenyo cha roketi halisi, anagawanya, anapata uwiano, na darasa zima linakokotoa yaliyobaki: urefu wa bomba la katoni litakaloivika chupa, pembe ya pua, ukubwa wa mapezi. Wanaweza kuijenga Saturn V. Wanaweza kuijenga Scout ya Wamarekani, ile ambayo tarehe 12 Desemba 1970 ilipaa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi ikibeba satelaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Ila mimi ningeanza na ya Menkao, kwa sababu mtoto anayeshika Fuso la waya analijua Fuso lile linalopita barabarani kwao. Anaiga kitu cha kwao.

Ombi langu basi ni kwa Bwana Keka na wenzake. Wapeni walimu wa nchi hii vipimo kamili vya Troposphere IV na V: kipenyo, urefu wa kila hatua, umbo la mapezi, rangi, maandishi ya ubavuni, na mahali Kavira alipokaa. Siri za moto bakini nazo, hatuzihitaji. Mtepe ulisalia kwa sababu kuna mtu wa Lamu aliyeushika mshono mikononi mwake wakati mitepe mikubwa ingali ikitweka tanga. Walimu wa fizikia wa Ibanda, Kadutu na Bagira watafanya kazi iliyobaki, na chupa za soda hapa hazijawahi kutukosa.