Paja liliuma kuliko uso

Mtu anayekwenda kurekebishwa sura kwa upasuaji hujiandaa kwa maumivu ya usoni. Akizinduka kwenye nusu kaputi, kumbe kinachomliza ni paja! Marubani wa Uingereza waliolazwa Wodi namba 3 ya Queen Victoria Hospital, East Grinstead, wakati wa Vita Kuu ya Pili, waliyajua hayo vizuri. Ndege zao ziliposhika moto, waliungua zaidi mikononi na usoni. Daktari Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliwatengenezea upya kope, pua na midomo kwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine za mwili.

Kwa nini paja liume zaidi? Moto ukizama sana huunguza hata ncha za mishipa ya fahamu, hivyo palipoungua vibaya panaweza kufa ganzi. Paja ni zima. Ukilimenya ngozi ya juu, ncha zake zinabaki wazi, zikiguswa na kila bandeji na shuka. Leo, anayefyonzwa mafuta tumboni ili yajazwe makalioni mara nyingi hukutana na kitu kinachofanana: tumbo ndilo linalomnyima usingizi.

McIndoe aliona kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri zaidi. Akaachana na asidi ya taniki, dawa iliyokauka juu ya jeraha na kuwa gamba gumu, kisha wakati wa kulibandua ikawa mateso matupu. Badala yake akawalaza kwenye bafu za maji ya chumvi. Wodini aliruhusu pipa la bia (usimwambie muuguzi wako). Pia aliruhusu wagonjwa waingie chumba cha upasuaji kumtazama mwenzao akifanyiwa kazi. Kwangu hili ndilo jambo la akili kuliko yote. Aliyeona ngozi ikichukuliwa kwa mwenzake, kisha akalala kitanda cha jirani akimsikia analalamika, hakushtuka zamu yake ilipofika.

Mwaka 1941 wakaunda klabu yao, Guinea Pig Club, yaani klabu ya wanyama wa majaribio. Mweka hazina walimchagua aliyeungua miguu, asije akatoroka na pesa. Vita vilipokwisha walikuwa 649.

Sasa linganisha na mgonjwa wa leo wa upasuaji wa urembo. Amewaficha ndugu, yuko peke yake chumbani, na alichoambiwa ni "utasikia vimaumivu kidogo tu". Siku ya tatu anadhani anakufa. Hana wa kumuuliza kama haya ni ya kawaida, au ni yale ya kukimbilia hospitali: maumivu yanayozidi ghafla, homa, kubanwa pumzi.

Mwaka 1964 madaktari wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichapisha utafiti wa wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo. Kundi moja lilielezwa mapema na daktari wa usingizi pataumaje, kwa nini, kwa muda gani, na namna ya kulegeza misuli. Kundi lile lilitumia takriban nusu ya dawa kali za maumivu zilizotumiwa na wenzao, na likaruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi kwa wastani wa siku 2.7. Madaktari wa upasuaji waliowaruhusu hawakujua nani alikuwa ameelezwa na nani hakuelezwa.