Sala za nyumbani Kilimanjaro: kutoka kihambani hadi jumuiya

Kutenga siku ya juma kwa ajili ya sala na kukutana ni desturi iliyozoeleka Moshi mjini na katika vijiji vya mlimani, kuanzia Machame na Kibosho hadi Kilema, Marangu na Rombo. Wakatoliki na Walutheri huifuata kupitia jumuiya: kaya chache zinazopakana hukutana kila juma, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Katika mapokeo mengine ibada ya namna hii hubaki ndani ya nyumba moja. Kwa jumuiya za Kilimanjaro imekuwa shughuli ya majirani, na chanzo chake ni cha zamani kuliko makanisa yenyewe.

Maisha ya Wachagga yalijengwa juu ya kihamba, shamba la migomba linalorithiwa, ambamo wazee wa ukoo walizikwa. Tambiko lilifanyika hapo hapo. Mkubwa wa ukoo alimwomba Ruwa, yaani Mungu, na kuwakumbuka wahenga, mbege (pombe ya ndizi) ikanywewa, nyama ikagawiwa kwa kufuata nafasi ya kila mtu. Waliogombana walitakiwa kupatana, na aliyekosa alipeleka jani la isale kuomba radhi. Nje ya ukoo kulikuwa na ujirani wa mfereji: waliotumia maji ya mfereji mmoja walilazimika kuusafisha pamoja na kupeana zamu.

Wamisionari waliukuta mpangilio huo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1891, na Walutheri wa misheni ya Leipzig wakaanza Machame mwaka 1893. Pande zote mbili zilisisitiza sala ya nyumbani. Wakatoliki walileta rozari ya jioni. Walutheri walileta Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, iliyokusudiwa tangu mwanzo kuwa kitabu cha baba kuwafundishia watu wa nyumba yake. Tambiko lilikatazwa, lakini mzee wa nyumba akabaki na wajibu wa kuwakusanya watu wake.

Aliyeutafakari zaidi urithi huo ni Bruno Gutmann, mchungaji Mjerumani aliyefika Uchaggani mwaka 1902 na kuhudumu kwa muda mrefu Old Moshi, hadi mwaka 1938. Gutmann aliandika kwa kina juu ya sheria na mafundisho ya jadi ya Wachagga. Alishikilia kwamba Kanisa lisiwageuze waumini kuwa mtu mmoja mmoja, bali lijengwe juu ya mafungamano waliyokuwa nayo: ukoo, ujirani na rika. Wakosoaji wake walimwona anang'ang'ania mambo ya kale wakati kahawa, shule na fedha vikibadilisha maisha. Hata hivyo, wazo la ujirani kuwa msingi wa usharika lilitangulia jumuiya za leo kwa karibu nusu karne.

Jumuiya zenyewe zilienea miaka ya 1970. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakaamua kwamba maisha ya Kanisa yaanzie katika vikundi vidogo vya waumini. Mkutano wao wa mwaka 1976 ulijadili jinsi ya kuvijenga. Tanzania wazo hilo halikuwa geni, kwani watu walikwisha kuzoea mabalozi wa nyumba kumi na siasa ya Ujamaa. Jimbo la Moshi, chini ya Askofu Joseph Sipendi (1968–1985), lilikuwa sehemu ya mwelekeo huo. Walutheri nao wana jumuiya zao chini ya mitaa na sharika.

Kikao huanza kwa wimbo na sala, kisha husomwa Neno, mara nyingi Injili ya Jumapili inayokuja, na wanaopenda hueleza lililowagusa. Hufuata maombi, sadaka, halafu matangazo: nani anaumwa, nani kafiwa, mchango wa nani haujafika. Katibu huandika mahudhurio daftarini, na daftari hilo lina uzito. Mwenye kutaka mtoto abatizwe au ndoa ifungwe huulizwa kwanza jumuiya yake ni ipi, na msiba ukitokea wanajumuiya ndio hufika mapema.

Tofauti na jumuiya, zipo desturi zinazoilenga familia moja kwa moja. Waadventista Wasabato, waliofika milima ya Pare mwaka 1903, huacha kazi Ijumaa jua linapotua na kufungua Sabato kwa wimbo na sala nyumbani. Marekani, viongozi wa Wamormoni waliwahimiza waumini mwaka 1915 kutenga jioni ya familia, na baadaye Jumatatu ikawekwa kuwa siku yake.

Siku hizi jumuiya hupambana na saa. Katika parokia nyingi hukutana Jumamosi asubuhi, wakati wafanyabiashara wako sokoni na wanafunzi wako tuisheni, hivyo akina mama ndio hujaa zaidi. Familia nyingi za mlimani pia zimetawanyika Arusha na Dar es Salaam. Huko wanajiunga na jumuiya za mitaa wanayoishi, pamoja na majirani wa makabila mengine, na ukoo hukutana kihambani Desemba, kwa Krismasi.